Tuache Kuazima Vicheko

WARAKA KWA WANACHAMA WOTE
Kutoka: Kamati ya kusoma skripti
Yah: Ubunifu na fomula katika kuandika vichekesho vya televisheni

Ndugu wanachama wenzangu,

Kamati imemaliza kusoma skripti mlizotuma kwa ajili ya msimu ujao, na wenzangu wamenituma niwaandikie kwa niaba yao. Maoni juu ya kazi ya kila mmoja yameandikwa pembeni mwa skripti yake, hivyo sitayarudia hapa. Haya ya waraka yanatuhusu sote kwa pamoja.

Tumesoma sini ileile mara nyingi mno. Mwenye nyumba anagonga mlango kudai kodi. Mpangaji anaingia uvunguni. Mtoto anaulizwa baba yuko wapi, naye anajibu kwamba baba amesema hayupo. Katika skripti moja mwenye nyumba ni mama mnene aliyejifunga khanga, katika nyingine ni mzee wa Kipemba, katika nyingine ni mjeda mstaafu, lakini mtoto anajibu hilohilo. Kisha anaingia mganga wa kienyeji ambaye ni tapeli, mlinzi wa Kimasai ambaye Kiswahili kinamshinda, dada wa kazi anayetongozwa na bosi wake, na mwisho linapigwa kofi. Ukifunika jina la mwandishi huwezi kujua nani kaandika nini. Hilo ndilo lililotuuma zaidi, kwa sababu tunawafahamu. Tunajua mnavyosimulia mambo mkikaa pamoja. Mtu anayetuacha hoi kwa kueleza ugomvi wa chenji aliouona kwenye daladala anakaa chini kuandika, na kinachotoka ni utani aliousikia kwa mwingine, ambaye naye aliusikia kwa mwingine.

Kabla sijaenda mbali, niitetee fomula kwanza. Najua wapo watakaosoma waraka huu na kudhani kamati inataka kila mtu avunje kila kitu, alete vichekesho visivyo na kichwa wala miguu na kuviita ubunifu. Hatutaki hivyo. Vichekesho vyote vizuri ninavyovijua vina umbo linalojulikana, na mtazamaji hulipenda umbo hilo kwa sababu analijua.

Chukueni Vioja Mahakamani ya Kenya. Kwa miongo kadhaa umbo lake lilikuwa lilelile: hakimu kitini, mwendesha mashtaka, karani, mshtakiwa kizimbani, na kila kipindi kesi yake. Mtazamaji alijua tangu mwanzo kwamba mshtakiwa, awe Makokha au Ondiek Nyuka Kwota, atasomewa shtaka, atajitetea, na utetezi wake ndio utakaomzamisha. Lakini mahakama ni mahali penye adabu yake. Kuna namna ya kusimama, namna ya kumwita hakimu, wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza. Kila neno la mtaani lililoingia mle ndani liligongana na adabu hiyo, na mgongano huo ulifanya nusu ya kazi ya kuchekesha. Nusu iliyobaki ndiyo ngumu: kumpata mshtakiwa wa siku hiyo, kulijua kosa lake, na zaidi ya yote kujua ni kwa hoja gani yeye mwenyewe anaamini kwamba hana kosa.

Umbo linaweza hata kuvuka bahari. Mwaka 1984 televisheni ya Uingereza ilianza kurusha Spitting Image, kipindi cha vikaragosi vya mpira vyenye sura za wanasiasa. Mwaka 1988 Wafaransa wakalichukua wazo hilo, wakalifanya lao, na baadaye wakaliita Les Guignols de l'info. Mwaka 2009 Gado, mchora katuni mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejijengea jina Nairobi, akaleta The XYZ Show kwa kufuata mfano wa hao Wafaransa. Umbo limepita nchi tatu, na hakuna aliyeona kwamba anauziwa kicheko cha Paris, kwa sababu vikaragosi vya Nairobi vilipofungua vinywa vilizungumza siasa za Kenya, kwa mikato ya sauti za watu ambao mtazamaji alikuwa amewasikia kwenye taarifa ya habari.

Na nyumbani tunayo ya kwetu. Kila mmoja wetu ameisikia hadithi ya Abunuwasi na sufuria. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha ikiwa na kasufuria kadogo ndani yake, anasema imezaa. Jirani anapokea. Anaazima tena, na safari hii hairudishi. Anasema sufuria imekufa. Jirani anapopiga kelele anaulizwa: ulipoambiwa imezaa ulikubali, iweje ukatae ukiambiwa imekufa? Kinachoibeba hadithi hii, ukiitazama vizuri, ni jirani kuliko hata Abunuwasi. Kama jirani asingeukubali ule upuuzi wa kwanza kwa sababu unamfaidi, hadithi isingekuwepo. Mtu anaukubali uongo unaomnufaisha, halafu uongo huohuo unamgeukia. Hiyo ni fomula kamili, na unaweza kuitumia maisha yako yote ya uandishi bila kuimaliza, mradi kila mara umtafute jirani mpya na uijue tamaa yake.

Kwa hiyo ugomvi wetu hauko kwenye umbo. Umbo ni swali: mtu wa namna hii, akibanwa hapa, atafanya nini? Anayeazima umbo bado ana kazi ya kujibu. Anayeazima panchi, ile kauli ya mwisho ya kuchekesha, ameazima jibu, na hana tena sababu ya kumtazama mtu wake. Ndiyo maana yule mpangaji wa uvunguni hana kazi, hana kwao, hana chochote anachokitaka zaidi ya kutoonekana. Waandishi wengi wamemwandika na hakuna hata mmoja aliyemuuliza ile kodi aliifanyia nini.

Nitaje watu wawili ambao sote tunawaheshimu na sote tumewaiga vibaya.

Wa kwanza ni Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi cha Kenya, aliyefariki Julai 2015. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Mzee aliyemwigiza alikuwa Mjaluo, na Mama Kayai, mkewe kwenye kipindi, aliigizwa na Mary Khavere ambaye ni Mluhya. Wengi waliokuja nyuma yao walichukua lafudhi. Wakaamini kwamba kicheko kilikaa ulimini, na tangu hapo tumepata wazee wengi wanaokunja Kiswahili bila kuwa na jambo la kusema. Lakini Mkikuyu hawezi kuishi miaka yote ile ndani ya mzee wa Kijaluo, na Wajaluo wenyewe wakampenda, kwa kuazima lafudhi tu. Wanjau alimjua mzee fulani: baba wa familia ambaye lazima aonekane ndiye mwenye neno la mwisho, mbele ya mke asiyeona sababu ya kumwachia neno hilo. Ukimwondolea lafudhi, mzee huyo bado anachekesha. Wangapi kati ya wahusika wetu wangebaki wamesimama tukiwaondolea lafudhi?

Wa pili ni Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, aliyetuacha Agosti 2018. Baada yake wamekuja wazee wa kupakwa mvi wanaotoa macho, wanaovuta midomo na kupaza sauti tangu sini inaanza mpaka inaisha. Rudini mkaangalie kazi zake kwa utulivu. Sura ya Majuto ilikuwa na sababu kila ilipobadilika. Likitajwa jambo la hela, sura ilifika kabla ya maneno, kisha akanyamaza, na katika kimya kile ukamwona mzee anapiga hesabu. Alikuwa anafikiri mbele yetu. Wanaomwiga hawafikiri, wanabinua midomo.

Nitamtaja na wa tatu, ambaye yupo hai na anaendelea na kazi. Joti alipomwigiza bibi, wengi waliona mwanaume kavaa nguo za kike, wakaenda nao kuvalisha wanaume magauni. Mimi niliona bibi aliyetazamwa kwa makini: anavyokaa, anavyomwamrisha mjukuu, anavyojifanya hasikii pale tu anapoambiwa asilotaka kusikia. Kundi lake lilianza EATV kwa jina la Ze Comedy, na walipohamia TBC wakawa Orijino Komedi. Moja ya maumbo waliyotumia sana lilikuwa jepesi mno, taarifa ya habari ya kuigiza, na makundi mengine yangeweza kulichukua kesho yake. Lakini watazamaji walihama nao. Walichokifuata kilikuwa ndani ya wale watu wenyewe: Masanja, Mpoki, Wakuvanga, Mac Regan, Vengu na Joti, kila mmoja na jicho lake.

Sasa, najua sababu zinazotufikisha hapa, na si haki kuwahimiza bila kuzisema. Malipo ni madogo na muda ni mfupi. Unaambiwa Jumatatu kwamba episodi inapigwa Jumamosi. Mwenye kituo anataka kilekile kilichopendwa mwaka jana, na mdhamini anataka bidhaa yake ionekane na asiudhiwe mtu. Klipu za mtandaoni nazo zimetufundisha kwamba mhusika asipotambulika ndani ya sekunde chache, kidole cha mtazamaji kimeshapita, kwa hiyo tunamvalisha sare ya ujinga wake tangu mwanzo: miwani mikubwa, suruali iliyopandishwa hadi kifuani. Klipu ina mahali pake na wapo wanaoifanya kwa ustadi. Ila episodi ya nusu saa, ambayo ukitoa matangazo inabaki dakika ishirini na kitu, haiwezi kujengwa kwa kuunganisha klipu. Mtazamaji anahitaji mtu wa kufuatana naye.

Sababu kubwa kuliko hizo, kwa maoni yangu, ni desturi yetu ya kuigiza bila skripti. Mwigizaji anafika lokesheni anaambiwa: wewe mume, wewe mke, wewe mgoni, haya, kamera. Tunajitetea kwamba ndivyo walivyofanya wakubwa wetu, na ni kweli vichekesho vya jukwaani havikuandikwa. Lakini tunasahau walivyofanya. Makundi kama Muungano na TOT yalitumbuiza mbele ya watu waliolipa kiingilio, onyesho baada ya onyesho. Utani uliokufa leo ulitupwa, kesho ukajaribiwa mwingine, na kichekesho kilichoonekana kuwa cha papo kwa papo kilikuwa kimeshapigwa msasa na watazamaji wengi. Sisi tumechukua ule mtindo wa papo kwa papo, tukaacha msasa. Mtu akibanwa mbele ya kamera bila mazoezi, akili yake hushika kilicho karibu, na kilicho karibu ni kile ambacho kila mtu ameshakifanya. Halafu hicho ndicho kinachorushwa hewani.

Upo pia woga, na sitaupita kimya. Kenya iliwapata Redykyulass, vijana waliomwigiza Rais Moi kwenye televisheni akiwa bado madarakani, na milango ikafunguka. Huku kwetu Tanzania mchekeshaji Idris Sultan alihojiwa na polisi mwaka 2019 baada ya kutania kwa picha ya Rais wa wakati huo, na mwaka 2020 akakamatwa baada ya video aliyoonekana akicheka picha nyingine ya zamani. Mwandishi mwenye familia analiangalia hilo, anarudi kwa mganga na mgoni. Namwelewa. Lakini woga hauelezi kila kitu. Hakuna kanuni inayotuzuia kuandika juu ya nyumba ya kupanga kwa uangalifu. Pale tulikuwa huru kabisa, na bado tukaenda uvunguni.

Kwa hiyo turudi kwenye nyumba ileile, na umbo lilelile la mdaiwa anayejificha, nionyeshe kamati inachomaanisha.

Nyumba ina vyumba sita na mita moja ya LUKU. Mita iko ukutani kwenye korido. Wapangaji wanachangishana, na daftari la zamu linaning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa uani. Tayari hapo pana ugomvi ambao hauhitaji kofi: mwenye friji anasema friji haili umeme, mwenye pasi anasema anapiga mara moja tu kwa wiki, na yule mwenye taa moja na chaja ya simu anataka alipe robo. Usiku umeme unakata. Kila mtu anachungulia dirishani. Kwa jirani taa zinawaka, kwa hiyo si TANESCO, ni uniti zimeisha. Hapo ndipo nyumba nzima inapokuwa kimya. Hakuna anayekohoa. Kila mmoja anajua kwamba wa kwanza kufungua mlango na kuuliza ataulizwa yeye: kwani zamu ya nani?

Sasa mtafuteni mtu wenu mle ndani. Mimi ningemchukua yule mwenye friji. Juzi aliapa mbele ya wote kwamba hana hata mia, mambo yamekaza, mchango wake umngoje. Lakini ndani ya friji ana kilo mbili za nyama alizonunua jioni hii na kuziingiza ndani kwenye begi la laptopu. Nyama inaanza kutoa maji. Hawezi kudai umeme bila kuonekana ana haraka, na mtu asiye na kitu kwenye friji haraka ya nini? Anajizuia. Anagusa nyama kwa kidole. Anajizuia tena. Mwishoni ananunua uniti kwa simu, kitandani, shuka kichwani ili mwanga usionekane. Tarakimu ishirini zinaingia. Kilichobaki ni kwenda kwenye mita, kuzibonyeza gizani, kurudi kitandani, na kesho kushangaa pamoja na wengine kwamba kumbe ilikuwa hitilafu tu.

Anatembea peku. Mita ina sauti. Kila namba ikibonyezwa inalia. Anabonyeza ya kwanza, anasikiliza. Ya pili, anasikiliza. Kitanda kinalia chumba cha tatu. Akifika katikati simu inazima mwanga, anapoteza mahali, anaanza upya. Safari hii anakimbiza, anakosea moja mwishoni, mita inakataa. Anarudia mara ya tatu, sasa akizisoma kwa kunong'ona kama anayesali. Namba ya mwisho inaingia. Taa zinawaka, na wapangaji wote wamesimama koridoni, kila mmoja kwenye mlango wake, kimya. Mama mwenye nyumba naye yupo. Chumba chake kimo katika mita hiyohiyo, na anadaiwa mchango kama wao. Hakuna anayemgombeza. Yule wa taa moja anasogea kwenye msumari, anachukua daftari, analifungua, anampa kalamu.

Umbo ni lilelile alilokaa nalo mpangaji wa uvunguni, yaani mdaiwa anayejificha. Ila huyu anaficha kwamba anayo. Sikuhitaji lafudhi, wala kabila, wala kofi. Nilihitaji kujua kwamba mita inalia, kwamba tarakimu ni ishirini, na kwamba kimya cha nyumba ya wapangaji umeme ukikata kina maana yake. Wengi wenu mnaishi au mmeishi kwenye nyumba hizo. Mnayajua haya kuliko mimi, na katika rundo zima la skripti hakuna aliyeyaandika. Ndiyo nasema tuna mali na tunaazima.

Wakenya waliuona utajiri wa aina hiyo katika kipindi cha Papa Shirandula. Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, alimwigiza mlinzi wa getini anayemficha mkewe kazi anayofanya. Mume anayemdanganya mke ni umbo la zamani kuliko televisheni yenyewe. Ila kwa kawaida mume anaficha mwanamke mwingine. Huyu anaficha sare. Ukisikia hivyo tu unaiona Nairobi nzima, na aibu ya mtu ambaye kijijini anaheshimiwa kwa sababu yuko mjini. Wala si lazima mambo mnayoyaandika yawe ya nyumba za kupanga. Ipo kadi ya mchango wa harusi iliyojazwa ahadi kubwa mbele za watu. Ipo VICOBA ambayo mweka hazina wake amenunua pikipiki. Lipo kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la tatu. Sitaendelea, mtayaona wenyewe.

Jambo moja nitalisema kwa ukali kidogo. Kigugumizi, kengeza, ufupi, ulemavu wa ngozi, mguu mbovu, hayo si vichekesho na kamati haitayapokea tena. Mtu hakuchagua mwili wake. Alichochagua ni uongo wake, majivuno yake, ubahili wake, na hapo ndipo pa kumshika. Vivyo hivyo kabila. Mmasai wa getini, Mchagga wa duka, Mkurya wa panga: hawa wameandikwa na watu wasiotaka kumjua Mmasai yeyote. Mwandishi anayetaka kumweka mlinzi wa Kimasai kwenye sini akakae naye getini usiku mmoja amsikilize. Atarudi na vichekesho, na vingi vitakuwa juu ya wenye nyumba.

Najua nitajibiwa kwamba utani wa makabila ni urithi wetu. Ni urithi, na laiti tungeufuata. Wengi mmewaona watani msibani. Mtani anavaa koti la marehemu, anatembea alivyotembea marehemu, anadai deni ambalo marehemu alilikwepa akiwa hai, anaingia kaburini anasema halifukiwi mpaka alipwe. Waliokuwa wanalia wanacheka huku machozi hayajakauka. Mtani huyo hawezi kuja na utani wa kuazima. Mbele yake wako mjane, watoto, majirani, watu waliomjua yule mtu miaka yote. Akikosea hatua moja ya mwendo wake, hakuna atakayecheka. Amelazimika kumtazama mtu mmoja, huyu aliyelala hapa, na kumpata sawasawa. Sijaona shule ya vichekesho iliyo kali kuliko hiyo, na wapo kati yetu waliokulia ndani yake.

Kwa wale wanaopenda mifano ya ng'ambo, Fawlty Towers ya Uingereza ina episodi 12 tu, sita za mwaka 1975 na sita za 1979. John Cleese na Connie Booth waliiandika kwa wiki nyingi kila episodi, na mwanzo wake ni mwenye hoteli mmoja wa mji wa Torquay ambaye Cleese alimkuta mwaka 1970, akavutiwa na ukali wake kwa wageni waliokuwa wanamlipa. Milango inayofunguka wakati mbaya, mtu kujificha kabatini, uongo juu ya uongo, yote hayo yalikuwa maumbo ya kale. Mwenye hoteli ndiye aliyekuwa mpya, kwa sababu alikuwa ametazamwa.

Kamati inaomba yafuatayo yaanze msimu huu. Kila skripti ije na ukurasa mmoja wa mbele unaomweleza mhusika mkuu: anataka nini, anaficha nini, anamwogopa nani, na mwandishi alimwona wapi mtu anayefanana naye. Majina ya watu halisi yasiandikwe. Hatutaki kumdhalilisha jirani wa mtu. Anayependa kuigiza bila skripti aendelee, tena tunamhimiza, lakini afanye hivyo kwenye mazoezi, arekodi kwa simu, asikilize, aandike yaliyofaa, ayarudishe tena mazoezini kabla ya kamera. Kundi lisilo na muda wa mazoezi lipunguze sini, lisipunguze mazoezi. Na wale mnaokaa mezani na vituo, ombeni episodi chache zenye malipo bora badala ya nyingi za kujaza nafasi. Mtakataliwa mara nyingi. Endeleeni kuomba, na kila kundi liombe hilohilo, maana kituo kikisikia ombi hilohilo kwa makundi yote kitaanza kulisikiliza.

Vijana mlioleta skripti kwa mara ya kwanza, msivunjike moyo mkizikuta zina wino mwingi. Tumeandika sana pale tulipoona mwandishi. Kwenye skripti moja ya binti wa Morogoro, katikati ya sini ya mganga ambayo hatukuipenda, mteja anavua viatu mlangoni kisha anavificha chini ya mkeka kwa sababu hamwamini mganga. Mstari huo mmoja tumeuzungushia duara. Tunamwomba aitupe sini yote na aanze na mtu huyo mwenye viatu.

Kikao cha kusoma kitakuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, mahali petu pa siku zote. Kila mmoja aje na sini moja isiyozidi kurasa nne. Tutabadilishana: hakuna atakayesoma sini yake mwenyewe, na wasomaji watasoma kwa sauti ya kawaida, bila lafudhi wala kubinua midomo, ili tusikie kilichoandikwa. Skripti zenye maoni ziko kwa katibu. Zichukueni mapema mpate muda wa kuzifanyia kazi.

Wenu katika kazi,
kwa niaba ya Kamati ya kusoma skripti